Usimnunulie Mtoto Viatu vya Mwakani

"Chukua kubwa kidogo, mtoto anakua." Sentensi hii nimeisikia kwa wauza viatu, kwa mashangazi, kwa majirani, na kwa akina mama wenzangu kwenye foleni ya kliniki. Imezoeleka kiasi kwamba mzazi anayemnunulia mwanawe namba inayomtosha leo anaonekana hajui uchungu wa pesa. Mimi ni mama wa binti anayekaribia kutimiza miaka miwili, tunaishi Tabata, Dar es Salaam, na tangu alipoanza kutembea suala la viatu vyake limenikaa kichwani. Nimesoma, nimeuliza, nimepima, nimezunguka masoko ya Kariakoo na Karume. Sasa naamini kabisa kwamba sentensi hiyo inawaumiza watoto wetu, na hata ile pesa tunayodhani inaokolewa, haiokolewi.

Nianze na ukuaji wenyewe, maana hapo ndipo hesabu zetu zinapoharibikia. Mguu wa mtoto wa kike, kuanzia kisigino hadi ncha ya vidole, hufikia nusu ya urefu utakaokuwa nao ukubwani akiwa na umri wa takriban mwaka mmoja. Wa kiume hufika hapo akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Nusu ya safari nzima imeshakwisha kabla mtoto hajaweza kuunga maneno mawili! Kuanzia anapojifunza kutembea hadi anapokaribia miaka miwili, mtoto hupanda nusu namba kila baada ya miezi miwili au mitatu. Akivuka miaka miwili kasi inapungua, inakuwa miezi mitatu mpaka minne, na baada ya miaka mitatu inapungua zaidi. Tena ukuaji huo hauna ratiba. Anaweza kukaa wiki kadhaa usione badiliko lolote, halafu asubuhi moja viatu vya Jumapili iliyopita vinagoma kupita kisigino.

Chukua mfano wa sikukuu. Kwa kalenda ya Kiislamu, Idi ndogo ni mfunguo mosi, Idi kubwa ni tarehe kumi ya mfunguo tatu. Hapo katikati ni kama siku 70. Kwa mtoto wa mwaka na nusu, siku hizo zinatosha kabisa kupanda nusu namba. Wenzetu wanaosherehekea Krismasi na Pasaka wana miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo hali yao ndiyo mbaya zaidi. Na sisi sote tunafanya yaleyale: viatu vizuri vinanunuliwa kwa ajili ya sikukuu, vinavaliwa siku hiyo na pengine siku ya pili, kisha vinafutwa vumbi, vinarudishwa kwenye boksi lake juu ya kabati, "vya kutokea". Vinakaa huko vinasubiri harusi au ubatizo au safari ya kwenda kwa bibi. Siku ikifika, mtoto analia kwa kubanwa na mama anasikitika kwamba kiatu bado kipya.

Mtoto wa umri huu asiwekewe viatu vya kutokea. Vile vizuri ndivyo avivae kila siku anapotoka nje, mpaka vimwishe miguuni. Najua mama zetu hawatakubali kirahisi, maana kwao kiatu kizuri kuvaliwa sokoni ni ubadhirifu. Lakini kiatu kilichovaliwa mara mbili kwa bei ya elfu 30 kimegharimu elfu 15 kila kilipovaliwa. Hicho ndicho kiatu ghali kuliko vyote ndani ya nyumba, kuliko hata vya baba.

Sasa, kwa nini nisinunue kikubwa basi, kikamfikisha mbali? Jibu liko kwenye namna mtoto anavyotembea. Mtu mzima akivaa kiatu kikubwa anajua kujirekebisha. Mtoto aliyeanza kutembea juzi bado anatafuta mizani ya mwili wake, anapanua miguu, anakanyaga kwa unyayo mzima. Ukimvalisha kiatu kirefu, ncha inakwaruza chini na anaanguka kifudifudi. Vidole navyo vinajikunja kushikilia kiatu kisichomoke, na mguu unateleza mbele na nyuma hadi kisigino kinatoka malengelenge. Halafu kuna lile jambo la kujaza pamba au gazeti kwenye ncha. Tumelelewa nalo, lakini angalia kiatu kinapokunjika: kila kiatu kina sehemu yake ya kupinda, chini ya mizizi ya vidole. Kiatu kikiwa kirefu mno, sehemu hiyo inakaa mbele ya pale mguu unapopinda. Pamba inaziba nafasi tu, haiwezi kurudisha hiyo sehemu nyuma.

Kinachobana nacho kina hatari yake, na hii inatisha zaidi kwa sababu haina kelele. Mguu wa mtu mzima una mifupa 26. Kwa mtoto wa mwaka mmoja sehemu kubwa ya hiyo mifupa bado ni gegedu, laini kama ile ya sikio, na juu yake pana mto wa mafuta unaoufanya unyayo uonekane bapa na mnene. Mguu laini namna hiyo unaingia kwenye kiatu kidogo bila ubishi. Vidole vinakunjwa, vinapandana, na mtoto anaendelea kucheza. Wengi hawalii. Dalili unaziona ukimvua: alama nyekundu juu ya vidole au pembeni ya kidole gumba, kucha iliyoanza kuzama kwenye nyama, au mtoto mwenyewe kila mkigeuka ameshavua viatu. Binti yangu alipokuwa akivua kwenye daladala, watu walikuwa wakimwita mtundu. Siku hizi akianza kuvua mara kwa mara, kitu cha kwanza ninachofanya ni kupima.

Na kupima ndiko ninakotaka kukaa kidogo, maana ndiyo kazi yote.

Mama yangu alikulia Pangani. Ananisimulia kwamba zamani watoto hawakupelekwa mjini kununuliwa viatu, nauli ilikuwa ya mtu mmoja. Bibi alikuwa akimsimamisha kila mtoto sakafuni, anachukua chelewa ya mnazi, anaivunja sawasawa na urefu wa mguu, anafunga uzi wa rangi ili asichanganye ya huyu na ya yule, na babu anaondoka nazo kwenda Tanga mjini. Dukani babu anaingiza chelewa ndani ya kiatu. Ikilala vizuri na ikabaki nafasi ya kidole mbele, analipa. Ikijipinda, anarudisha. Nimeifikiria sana njia hiyo na sijaona kasoro yake. Inapima ndani ya kiatu, mahali mguu unapokaa, wakati sisi tunaamini namba iliyogongwa chini ya soli.

Ninachofanya mimi ni kilekile cha bibi, kwa kipande cha boksi la unga. Napima jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mtu akishatembea kutwa nzima, na kwa joto la Dar inavimba kwelikweli. Naweka karatasi sakafuni, ukingo wake umegusa ukuta, namsimamisha binti yangu kisigino kikiwa kimegusa ukuta huohuo. Lazima asimame. Akikaa au akipakatwa, mguu haubebi uzito na unakuwa mfupi kuliko ulivyo. Nampa kipande cha embe mkononi ili atulie, namwangalia magoti yasikunjwe, halafu nachora mstari mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa baadhi ya watoto ni kidole cha pili kinachotangulia, kwa hiyo usichore cha gumba kwa mazoea. Kisha mguu wa pili. Kwa watu wengi mguu mmoja umeuzidi mwenzake kidogo, na kiatu kinanunuliwa kwa kufuata ule mrefu.

Kwenye urefu huo naongeza sentimita moja, au moja na kidogo. Hiyo ni kama upana wa kidole changu cha mwisho. Nafasi hii ina kazi mbili: mguu husogea mbele kila hatua, na kuna miezi miwili mitatu ya kukua. Kwa hiyo ndiyo, kiatu cha mtoto kinatakiwa kiwe "kikubwa kidogo", ila hicho kidogo kina kipimo chake. Ninachokikataa ni namba mbili au tatu mbele. Nakata boksi kwa urefu huo uliojumlishwa, na hicho kipande ndicho kinachokwenda nami Kariakoo. Nikiingiza ndani ya kiatu kikafika mwisho bila kukunjika na bila kucheza, tumemaliza.

Namba zenyewe nazo zinahitaji kueleweka, maana sokoni kwetu kuna viatu vya dunia nzima. Viatu vipya vingi vya Kariakoo vinatoka China na vina namba ya Ulaya. Kutoka namba moja hadi nyingine ni theluthi mbili za sentimita, yaani milimita kama 6.7. Ukichukua urefu wa mguu kwa sentimita, ukaongeza ile nafasi, ukazidisha kwa moja na nusu, unapata namba ya kuanzia. Mguu wa sentimita 13, ukiongeza 1.2, ni 14.2, mara moja na nusu ni 21.3. Utaanza na 21, na 22 utaishika mkononi kwa tahadhari, kwa kuwa viwanda havikubaliani na 21 ya huyu ni 22 ya yule.

Kwenye mitumba mambo yanachanganya zaidi. Waingereza namba zao zinapishana kwa theluthi ya inchi, milimita 8.5 hivi. Hesabu ya watoto inaanzia sifuri kwenye inchi nne, inakwenda mpaka 13, halafu inaanza upya kwenye 1 ya wakubwa. Ndiyo maana unaweza kukuta kiatu kimeandikwa 5 kinachomfaa mtoto wa mwaka na nusu, na pembeni yake kingine cha 5 kinachomfaa mama yake. Wamarekani wako mbele ya Waingereza kwa nusu namba au moja nzima. Ile 5 ya mtoto wa Kiingereza inakaribia 22 ya Ulaya, na Mmarekani ataiita 5½ au 6. Wajapani wamewarahisishia wazazi: wanaandika sentimita tu, 13.5 au 14. Kwenye viatu vya Kichina pia mara nyingi utaona 135 au 140 kwenye lebo ya ndani, na hizo ni milimita; kwa utaratibu wao ni urefu wa mguu wa mvaaji. Ukiiona hiyo, isome kabla ya namba nyingine yoyote.

Mtaa wa Congo pale Kariakoo siku ya Jumamosi unajua ulivyo. Viatu vya watoto vimeningʼinizwa kwa makumi, vingine vimemwagwa juu ya turubai, kijana ameshika kimoja anakigonga gonga kwenye kiganja. Anakutazama mtoto mgongoni, anakadiria kwa jicho. "Mama, mchukulie hii 24, mpaka mwakani hununui tena." Ukisema una kipimo, anacheka, lakini anakungoja. Nikiingiza kipande changu kwenye ile 24 kinaelea humo ndani. Kwenye 22 kinabaki na mchezo. 21 ya rangi ya kahawia kinakaa. Kijana anabonyeza ncha kwa kidole gumba: "Si unaona, inambana!" Hapo nimejifunza kusimama kidete. Kubonyeza ncha hakusemi kweli kwa mtoto mdogo, kwa sababu akihisi kitu kinamgusa anakunja vidole ndani, na wewe unabonyeza pale ambapo kidole kilikuwapo. Kama kiatu kina soli ya ndani inayotoka, itoe, iweke chini, msimamishe mtoto juu yake. Utaona kwa macho yako vidole vinaishia wapi na kama nyama ya pembeni inamwagika nje ya soli. Ikimwagika, kiatu ni chembamba, na urefu hautakusaidia. Watoto wengi wa umri huu wana miguu minene juu na mipana mbele, kwa hiyo kiatu cha ncha kali hakiwafai hata kiwe kirefu namna gani.

Baada ya hapo nakikunja kiatu mikononi. Kinatakiwa kikunjike mbele kwa urahisi, pale vidole vinapopinda, na kisikunjike katikati. Nyuma, pale kisiginoni, kiwe na ugumu wa kushika. Kiwe chepesi. Kiwe na kifungo au mkanda unaoshika juu ya mguu. Mikanda ya kunata ni rahisi kwa mama mwenye haraka, ila inabidi ufundishe mkono wa mtoto uache kuivuta. Hayo ndiyo mambo ninayolipia. Maua, taa zinazowaka na zile filimbi za pi-pi kila hatua mwenzangu anaweza kuzilipia akipenda, mtoto anazifurahia na sina ugomvi nazo, ila mara nyingi soli yenye filimbi au taa ni nene na ngumu, haikunjiki.

Yeboyebo nazo zina nafasi yake. Ni rahisi, zinaoshwa kwa maji, na kwa kwenda bafuni au kuchezea uani hazina mpinzani. Kwa kutembea mwendo mrefu sizitaki: mguu unatoka jasho ndani ya plastiki, ngozi inalainika, fangasi wanapata makao, na kisigino hakishikwi. Na kwenye ngazi za umeme za maduka makubwa nambeba kabisa akiwa amevaa viatu vya plastiki laini, kwani ajali za viatu vya aina hiyo kuvutwa na kingo za ngazi zimeripotiwa nchi nyingi.

Mitumba naiheshimu. Pale Karume wakifungua belo asubuhi unaweza kupata kiatu cha ngozi kilichotengenezwa kwa uangalifu kwa elfu tano au nane, kiatu ambacho kipya kisingegusika. Na kwa sababu watoto wote huhama namba haraka, kiatu cha mtumba cha mtoto mdogo mara nyingi kimevaliwa kidogo kuliko cha mkubwa. Lakini geuza soli uitazame. Ikiwa imelika upande mmoja wa kisigino, au ndani kuna shimo la alama ya vidole, mwachie muuzaji, maana mwanao atakuwa anatembea kwenye nyayo za mtoto mwingine. Ingiza mkono ndani utafute misumari, mikunjo migumu na unyevu. Kinuse. Na kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: kuna soli za sponji nyepesi zinazooza taratibu kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa nje kiatu kinang'aa, ukikibonyeza kwa ukucha soli inamung'unyuka kama keki. Hewa ya pwani inaharakisha jambo hilo. Hii ni sababu nyingine ya kutoweka viatu kwenye boksi miaka mitatu eti vimsubiri mdogo wake.

Nimeulizwa mara nyingi: kwani lazima avae? Ndani ya nyumba, hapana. Namwacha pekupeku kutwa nzima, na ninafanya hivyo kwa makusudi. Mwaka 1992 watafiti wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha matokeo ya kuwachunguza watoto 2,300. Kati ya waliokuwa wakivaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Kati ya wasiovaa, asilimia 2.8. Walieleza pia kwamba viatu vilivyofunika vidole vilihusiana na tatizo hilo kuliko ndala na sandali. Misuli midogo ya unyayo inajengwa kwa kushika sakafu, kupanda mkeka, kukanyaga mchanga. Mtoto anayejifunza kutembea kwenye vigae au saruji safi hana anachokikosa akiwa bila viatu.

Nje ni habari nyingine, na hapa siwezi kukubaliana na wale wanaosoma utafiti kama huo wakasema viatu vyote ni ubaya. Wao hawaishi na udongo wetu. Mabuu ya minyoo ya safura yanapenya ngozi ya mguu mtupu kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, na mtoto mdogo anayenyonywa damu hana damu ya ziada ya kutoa. Funza naye tunamjua. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Meli iliyotoka Brazil ilimshusha pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshavuka bara zima hadi pwani yetu. Hadi leo kuna vijiji Tanzania, Kenya na Uganda ambako watoto wanashindwa kutembea kwa ajili yake. Ongeza misumari ya maeneo ya ujenzi na vipande vya chupa, na lami ya saa saba mchana. Kwa hiyo mlangoni kwetu kuna mstari usioandikwa: ndani miguu mitupu, nje viatu, hata kama ni kwenda dukani tu.

Na bibi zake wakianza habari ya matege? Wananiambia nimtafutie buti ngumu za kunyoosha miguu. Ninawasikiliza kwa heshima, lakini sijazinunua. Mtoto anayeanza kutembea huwa na matege ya kawaida, yanayonyooka akifika miaka miwili hivi; akiwa na miaka mitatu au minne magoti huelekea kugusana, na kwa kawaida yote hujirekebisha kufikia miaka saba. Kiatu kigumu hakiharakishi hilo. Unyayo bapa nao ni wa kawaida kwa watoto wa umri huu, upinde unajitokeza kadiri anavyokua. Kinachotakiwa kukupeleka hospitali ni mguu mmoja kupinda kuliko mwingine, matege yanayozidi badala ya kupungua, maumivu, au mtoto kuchechemea. Na wapo watoto ambao kiatu kwao ni tiba: waliozaliwa nyayo zimepinda kuelekea ndani. Wanafungwa plasta kwa wiki kadhaa, kisha wanavaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa fimbo, karibu kutwa na usiku kwa miezi ya mwanzo, baadaye usiku tu hadi miaka minne hivi. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wanatibu watoto hao. Kama una mtoto wa namna hiyo, habari ya kupima miguu inakuhusu mara mbili, kwa sababu kiatu kikimbana atakikataa, na akikikataa miguu inarudi ilikotoka.

Kwenye familia zetu viatu vya mtoto havinunuliwi na mama peke yake. Wifi yangu yuko Muscat, na kila mtu wa kwake akija Dar kuna mfuko wa zawadi. Anampenda mtoto na anauliza, "Anavaa namba ngapi?" Siku hizi simtumii namba. Namtumia urefu wa mguu kwa sentimita, tarehe niliyopima, na namuuliza mzigo utafika lini. Mzigo ukitarajiwa baada ya mwezi mmoja naongeza milimita mbili. Ukiwa wa miezi mitatu namwomba alete gauni. Alielewa mara moja, tena akafurahi kwamba anachokituma kitavaliwa. Wajomba na mashangazi wengi hawakatai kuelekezwa, wanachokosa ni maelekezo.

Kwa upande wa pesa, mpango wangu ni pea moja imara ya kutembelea na yeboyebo moja ya uani, basi. Fedha ambayo ningeweka kwenye pea moja ya elfu 45 naigawa mara tatu au nne kwa mwaka, kila mara kwa kiatu cha elfu 10 au 15 kinachomkaa. Tarehe mosi ya kila mwezi napima; dakika tano zinatosha. Nafasi ya mbele ikishuka chini ya nusu sentimita naanza kutafuta, na ikibaki milimita chache tu kiatu kinapumzishwa siku hiyohiyo hata kama bado kinang'aa. Kikiwa kizima na kisigino hakijalika, kinakwenda kwa mtoto wa jirani ambaye urefu wake nimeupima kwa boksi lilelile. Mama yake naye hunipa vya kaka mtu. Mtaani kwetu sasa tuko akina mama kadhaa tunaozungushiana namna hii, na nakuomba uanzishe kwako, maana kiatu kilichovaliwa miezi miwili bado kina maisha ya kutosha kwa mtoto mwingine anayefuata nyuma yake kwa karibu.

Mwakani binti yangu ataanza chekechea, na najua orodha ya sare itakuwa na viatu vyeusi vya kufunika. Wazazi wengi huvinunua Novemba, kabla bei hazijapanda, na shule zinafunguliwa Januari. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu hiyo ni karibu miezi miwili ya kukua ndani ya boksi. Nguo nitanunua mapema, daftari nitanunua mapema, hata mkoba. Viatu nitavifuata wiki ya mwisho kabla ya kufungua, jioni, na kipande cha boksi kilichokatwa siku hiyo.